Parsele imejaa mbwa wagonjwa, nianzie wapi?

Dada mmoja wa Keshero, hapa Goma, ameniandikia maneno marefu, nayafupisha ili na wengine wafuate. Tangu watu wakimbie vita mu mwezi wa kwanza 2025 na kuacha mbwa mu maparsele (viwanja vya nyumba), yeye na mudogo wake wanawaokota, na saa hii wako na 11, wote mu parsele moja juu ya mawe ya volkano. Wiki hii watoto wawili wa mbwa wamekufa, wengine watatu wanatapika na kuhara damu. Kuko jike moja kubwa iliyokonda mpaka mbavu zinahesabika, na ingine inatoka damu mu uke kila siku. Anauliza: awape Flagyl na dawa za watu? Aendelee kupokea, maana kila asubuhi kuko mutu ku mulango na mbwa ku kamba? Na kuko mutu amemupa kiwanja cha bure upande wa Lac Vert, chini mu bonde, ahamie kule?

Dada, poleni sana, wewe na mudogo wako. Nitakujibu kufuatana na haraka ya kitu, maana kuko mambo ya leo na kuko ya mwezi ujao.

Wale watatu wanaohara damu uwahesabu kama wako na parvo mpaka veterinere aseme ingine. Ni kweli damu mu mavi inaweza kuletwa pia na minyoo ile inayonyonya damu mu matumbo, lakini watoto wawili kufa mu wiki moja, mu parsele ile ile, na wengine wanafuata na kutapika, kwangu mimi hiyo ni parvo mpaka kipimo kikatae. Parvo ni virusi, Flagyl haiigusi, na hakuna dawa yenye inaiua mu mwili. Kinachoua mutoto wa mbwa ni maji kumuishia mwilini na bakteria za matumbo kuvuka kuingia mu damu, njo maana tiba ni serumu (maji ya dripu), antibiotiki yenye veterinere anachagua na kupima kwa kilo, dawa ya kuzuia kutapika, kumupasha joto, na chakula kidogo kidogo mara tu tumbo linakubali. Wenye wanapata hiyo mapema wengi wanapona, wenye wanaachwa hivi hivi wengi wanakufa, kwa hiyo usingoje kuona kama kesho itakuwa vizuri.

Kabla ya kutoka nyumbani ujue nani anatangulia. Kamata ngozi ya katikati ya mabega, ivute juu, iachilie: kama inarudi palepale, maji bado yako, kama inabaki imesimama au inashuka polepole, amekauka sana. Alafu inua mudomo wa juu uguse ufizi. Wa mbwa muzima unateleza, uko na maji maji na rangi ya pinki, ukifinya na kidole unakuwa mweupe na rangi inarudi mbele ya sekunde 2. Ukiwa umekauka mpaka kidole kinanata, ama rangi inachelewa kurudi, huyo njo wa kwanza kupanda pikipiki kwenda kwa veterinere. Na ununue kipimajoto, cha bei ndogo tu cha farmasi, unakipaka mafuta kidogo na kukiingiza nyuma. Mbwa muzima iko kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.8 ukafikiri ni homa, kwa mbwa hiyo ni kawaida.

Kuhusu serumu, najua farmasi zinauza na kuko watu wanajipigia nyumbani. Ringa lakteti ama ile ya chumvi inaweza kuwekwa chini ya ngozi ya mugongo kwa mbwa ambaye hajakauka sana, na veterinere anaweza kukuonyesha namna na kiasi ufanye mwenyewe, lakini serumu ya glukozi usiiweke chini ya ngozi, inaweza kuvuta maji upande mubaya na kuleta jipu. Na mbwa ambaye amekuwa baridi na ufizi mweupe, maji ya chini ya ngozi hayafiki popote maana damu haizunguki kule tena, huyo anataka mushipa na mutu anayejua kuutafuta. Kama hatapiki unaweza kumupa ku mudomo maji ya sukari na chumvi, yale yale ya watoto wetu wakihara, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa seringi isiyo na sindano, kidogo kidogo pembeni ya mudomo. Akitapika, acha.

Dawa za watu sasa. Ibuprofeni, diklofenaki, parasetamoli, zote tatu ziko mu kila nyumba ya Goma na zote tatu zinaweza kuua mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na mbwa mwenye maji yamemuishia figo zake ziko tayari mu shida. Parasetamoli inaharibu ini. Kwa hiyo mbwa iko na homa, usimupe kitu cha homa, mupe maji na umupeleke. Na ile dawa ya kufunga kuhara usiitumie kabisa, inafungia uchafu ndani.

Sasa kitu chenye naona njo kinakuumiza zaidi na haukukiuliza: mawe yako. Virusi vya parvo vinavumilia sana, vinaweza kukaa ku udongo wenye kivuli miezi mingi, hata mwaka, na sabuni peke yake haiviui. Javeli (ile dawa ya kung'arisha nguo na kuua viini) inaviua, lakini javeli inataka mahali laini na safi. Mawe ya volkano unayajua, kila jiwe iko na matundu elfu, mavi ya maji yanaingia mu matundu, unamwaga javeli juu, inapita chini haraka kuliko hata haujainama, na kile kilicho mu tundu kinabaki. Unaweza kumaliza bido tatu za javeli kwa wiki na bado mutoto wa mbwa akilamba jiwe anaugua. Kwa hiyo usipigane na mawe, yahame. Mutoto yeyote wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asikanyage kiwanja hicho tena mwaka huu, akae ku barza ya simenti, na kama barza haiko, tandika bashi (turubai) nzima isiyo na matundu, uifunge ku mbao pembeni, hiyo utaweza kuiosha. Mahali pale pa simenti ao bashi kwanza toa mavi yote, osha na sabuni na brosi, suuza, njo uweke javeli: ile ya kawaida ya asilimia 5 hivi, nusu lita mu lita 15 za maji, na uiache ikae imelowa dakika 10 kabla ya kusuuza. Watu wanarukia javeli juu ya mavi na hiyo ni pesa ya kutupa, uchafu unaimaliza nguvu, tena ikikutana na mukojo inatoa harufu ya kukuumiza kifua. Changanya mupya kila siku. Mbwa watoke kwanza, warudi pakiisha kukauka.

Alafu namna munavyozunguka. Nasoma kwamba wewe na mudogo wako munaanza asubuhi na wagonjwa maana njo wanawatia huruma, alafu munaenda kwa wengine. Geuzeni. Anzeni na watoto wazima, kisha wakubwa wazima, kisha wenye wamefika juzi, na wagonjwa mwisho kabisa, na mukitoka kwa wagonjwa musirudi nyuma. Wagonjwa wawe na baseni yao, sahani zao, kitambaa chao, brosi yao, na bottes zao zenye zinabaki pale pale ku mulango wao. Kama inawezekana wewe ushike wagonjwa na mudogo wako wazima, ao kinyume, lakini musichanganye. Hii haigharimu kitu na inaokoa mbwa wengi kuliko dawa yoyote yenye nitakuandikia.

Wenye bado wako wazima, wote, wakubwa na wadogo, wapate chanjo ya parvo na maladi ya kare (distempa) wiki hii, usiseme nitangoja wagonjwa wapone. Watoto wanaanza ku wiki 6, mahali pa hatari kama kwako hata mbele kidogo, na wanarudia kila wiki 2 ao 3 mpaka wafike miezi 4 na zaidi, maana maziwa ya mama yanaacha kinga yenye inapigana na chanjo na hakuna mutu anajua siku gani inaisha. Uangalie chanjo inatoka wapi. Inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8 tangu kiwanda mpaka ku seringi, na kwa hizi kukatika za umeme, mutu akikuuzia kichupa kutoka mufukoni mwake, hiyo ni maji ya bei kali. Uliza friji iko wapi, na uende na glasieri yako na barafu.

Mulango. Hapa njo jibu langu lote liko, dada, na najua halitakufurahisha: funga mulango. Kwa wagonjwa kama hao ndani, kila mbwa unayepokea leo unamuleta kufa. Ngoja angalau wiki 2 tangu mugonjwa wa mwisho aache kuhara, na hata baada ya hapo kila anayefika akae peke yake siku 14, mbali na wengine, maana parvo inaonyesha dalili mara nyingi mu siku 3 mpaka 7 lakini inaweza kuchelewa mpaka wiki 2, na maladi ya kare, ile ya macho yenye usaha na kikohozi na baadaye misuli kurukaruka, hiyo inapita kwa hewa na inajificha vilevile. Kama hauna kona ya kumutenga hauna nafasi, hata kama parsele ni kubwa.

Tena kuko hesabu ya mikono. Marekani, watu wa mambo ya shelta (nyumba za kutunza wanyama) wanahesabu dakika 15 kwa mbwa mmoja kwa siku, 9 za kusafisha na 6 za kulisha, na hapo hakuna dawa, hakuna kuchota maji, hakuna kumuangalia mugonjwa. Mbwa 11 ni karibu saa 3 kila siku, na kwetu maji yanatoka mbali ku bido, kwa hiyo ongeza. Wewe uko na kazi, mudogo wako iko na masomo. Ile siku utafika 20 hakuna mbwa hata mmoja atakuwa anaangaliwa, watakuwa wanalishwa tu kwa kutupiwa, na mahali watu wanaita nyumba ya kuokoa mbwa panageuka mahali pa kuugulia. Nimeona hiyo, inafika polepole na mwenye roho nzuri njo haioni.

Mutu akibisha na mbwa ku kamba, musiishie ku ndiyo ao hapana. Muulize kwa nini anamuacha. Mara nyingi ni chakula, ao mbwa ameuma mutoto wa jirani, ao jike limezaa tena. Hizo zote unaweza kumusaidia mbwa akiwa bado kwake, kwa kilo chache za chakula, kwa munyororo murefu zaidi, kwa kumupeleka kufungwa uzazi. Na wale wa wenye walikimbia, piga foto, andika avenyi na parsele umemutoa wapi, acha namba yako kwa majirani. 2021, watu walipoambiwa tarehe 27 mwezi wa tano wahame kwa ajili ya volkano ya Nyiragongo, wakaenda Sake, Gisenyi, Bukavu kwa boti, mbwa wengi walibaki, na wengi wa wenyewe walirudi kuwatafuta. Usimugawie mutu mwingine haraka.

Raje sasa, njo kichaa cha mbwa, na hapa nataka usome mara mbili. Mbwa wako 11 historia yao hauijui. Raje ikishaonyesha dalili, kwa mbwa na kwa mutu, karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya watu, 99 kwa 100, vinatoka kwa mbwa. Usingoje kumuona anakimbia na povu. Mara nyingi inaanza na mbwa kubadilika tu, mukali anakuwa mupole ao mupole anakuwa mukali, sauti inakuwa ingine, anatafuna mawe, anayumba nyuma. Na kuko ile inayodanganya wenye huruma kama wewe: taya la chini linaning'inia, mate yanatoka, hawezi kumeza, unasema masikini mufupa umemukwama mu koo, unaingiza mukono. Usiingize mukono. Mbwa wa namna hiyo mufungie pale alipo, usimuguse, uite veterinere.

Mukiumwa ao kukwaruzwa, hata kidogo, osha kidonda na sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 kamili kwa saa, si kwa kukadiria, alafu siku ile ile hospitali kwa ajili ya chanjo. Usiweke makaa, usiweke jiwe jeusi, usikishone haraka. Mbwa aliyeuma asiuawe palepale, afungwe na aangaliwe siku 10, akiwa bado muzima siku ya 10 basi hakuwa na raje mu mate siku ile aliyouma, lakini wewe chanjo uianze siku ya kwanza bila kungoja hizo 10. Wewe na mudogo wako mupate na ile ya kujikinga mbele, ni sindano mbili, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza, na mukiumwa baadaye inabaki kazi ndogo tu. Mbwa wenye wamefika miezi 3 wote wachanjwe. Hiyo karatasi ya chanjo uionyeshe majirani wanaolalamika, itawatuliza kuliko maneno, na watoto wa avenyi waambie wasipitishe mikono mu fensi.

Yule jike aliyekonda. Roho inakutuma umujazie sahani ya bugali, na hiyo inaweza kumuua. Mwili uliokaa njaa muda mrefu umemaliza fosfori na chumvi zingine, ukiletewa wanga mwingi kwa mara moja unazivuta zote ndani ya seli, damu inabaki bila, na moyo unasimama siku ya pili ao ya tatu wakati wewe unafurahi anakula. Anza na robo hivi ya kile mbwa wa ukubwa wake angekula, ukigawe mara 5 ao 6 kwa siku, uongeze polepole mu muda wa wiki moja. Mupe zaidi sambaza (samaki wadogo wa ziwa) za kuchemsha bila chumvi, yai la kuchemsha, nyama kidogo yenye mafuta, na wanga iwe kidogo sana. Sambaza ziponde na vichwa vyake, ni chakula kizuri kabisa na tuko nazo hapa ziwani. Kitunguu na tunguu saumu hapana, mifupa ya kuku ya kupikwa hapana. Dawa ya minyoo ngoja siku chache aanze kupata nguvu.

Yule mwingine wa damu ku uke, niletee foto. Kama ndani kuko nyama yenye vinundu vinundu kama shufleri (koliflawa) na inatoka damu ukiigusa, ni kansa ile mbwa wanaambukizana kwa kupandana na kulambana, iko mingi kwa mbwa wa barabarani na haipiti kwa mutu. Usikate tamaa kwa neno kansa, hii inasikia dawa sana, vinkristini mu mushipa mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki 4 mpaka 6, na veterinere njo anapiga kwa glavu maana dawa yenyewe ni kali. Lakini kama ni usaha wenye harufu, na anakunywa maji mengi na hali, hiyo ni kizazi kimejaa usaha na inataka operesheni haraka, usingoje foto yangu.

Umeniambia pia kuko wawili wanajikuna na jirani alikushauri kuwapaka mafuta ya motere yaliyotumika. Usifanye, inaunguza ngozi na wanailamba. Ivermektini ya ng'ombe vilevile usiipige mwenyewe, mililita moja ya ile ya kawaida iko na miligramu 10, mbwa anataka sehemu ndogo sana yake, na ukizidisha anaanguka bila fahamu.

Kiwanja cha Lac Vert, hapana, na hata kikiwa cha bure miaka kumi. Upande ule njo wenye mazuku. Gesi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inashuka na kujaa mu mabonde na mashimo, haina rangi, na inazidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo hauko. Mutu amesimama kichwa kinaweza kuwa juu yake, mbwa pua yake iko chini, mutoto wa mbwa amelala iko ndani kabisa. Mbuzi na mbwa wanakufa kule bila mutu kusikia hata sauti. Ukiona ndege na mijusi wamekufa chini mu shimo, jua, na usishuke kuangalia. Kiwanja chochote utakachopata upande ule, kiwe juu, na ulize kwanza wenyeji na watu wa Observatwari ya volkano, wanajua sehemu hizo.

Na kama veterinere atakuambia mmoja wa hao watatu hawezi tena, kwamba anateseka tu, mukubalie amulaze kwa sindano, umushike kichwa. Dawa ya panya ao kamba, kamwe.

Pesa kidogo uliyo nayo, chanjo kwanza, alafu bashi na javeli, alafu serumu, kufunga uzazi wa majike wakipata nguvu. Banda zuri litakuja nyuma.

Kesho asubuhi, kabla ya kufagia, kabla ya chai, pima joto la hao watatu na uandike ku karatasi pamoja na saa, ufizi uko namna gani, na mara ngapi wametapika usiku. Mwenye ataonyesha chini ya 37.5, mufunge mu blanketi na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, na uende naye saa ile ile, karatasi uiache kwa veterinere.